Pesa ya Kulipa Itatoka Wapi? Mwongozo Kamili kwa Mchambuzi wa Mikopo ya Biashara

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi Kariakoo anaomba milioni 300 kwa miaka mitatu. Kwa hesabu alizoleta mwenyewe, kila shilingi moja ya rejesho ina shilingi mbili za kuilipia. Kwa hesabu niliyoichambua kutoka kwenye taarifa zake za benki, kila shilingi ya rejesho ina senti sitini tu. Mtu ni yuleyule, duka ni lilelile, na hakuna ukurasa hata mmoja ambao ningeweza kuunyooshea kidole na kusema hapa kaghushi. Kazi ya mchambuzi wa mikopo iko hapo katikati, kati ya mbili na senti sitini.

Mwongozo huu ni wa kijana anayeanza kazi hiyo, au wa afisa mikopo anayehamia kitengo cha hatari za mikopo. Nitatumia mazingira ya Tanzania kwa sababu ndiyo ninayoyajua, na Kenya kidogo pale inaposaidia. Namba za mkopaji wangu nimezigeuza ili asijitambue, ila mahesabu ni yale yale tunayoyafanya kila wiki.

Kwanza, jua umekalia kiti gani

Afisa mahusiano analeta mteja na anapimwa kwa mikopo aliyotoa. Kamati ya mikopo inaamua. Wewe uko katikati, na una kofia mbili. Ya kwanza ni ya mkopo mmoja mmoja: kusoma ombi, kulipima, kuandika maoni. Ya pili ni ya mikopo yote kwa pamoja: kujua kila mwisho wa mwezi ipi inaanza kuugua, imejikusanya wapi, na benki itenge kiasi gani kwa ajili ya hasara. Benki kubwa huwapa kofia hizi watu wawili. Kwenye taasisi ndogo utazivaa zote, na kusema kweli hiyo ni bahati, kwa sababu anayeona mikopo inavyokufa huandika maoni bora zaidi juu ya mikopo inayozaliwa.

Kuhusu vyeti nitasema machache. Shahada ya uhasibu, fedha, uchumi au takwimu inafungua mlango. CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, inaheshimika, Taasisi ya Mabenki Tanzania ina cheti cha wanabenki kiitwacho CPB, na Kenya bodi ya mitihani ya KASNEB wana mtihani maalumu wa wataalamu wa mikopo. Lakini kama una mwezi mmoja tu wa kujiandaa, utumie kwenye Eksel mpaka mikono izoee, kisha ujifunze SQL ya kutosha kuchota data mwenyewe bila kumsubiri mtu wa TEHAMA.

Kusafisha taarifa za benki

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote. Omba taarifa za miezi 12 za akaunti zote, pamoja na za lipa namba za mitandao ya simu. Akikuletea za miezi sita, uliza ile sita mingine ina nini.

Mkopaji wangu alileta akaunti mbili za benki na lipa namba moja. Jumla ya fedha zilizoingia mwaka mzima ilikuwa bilioni 2.16. Afisa mahusiano alikuwa ameshaandika kwamba mzunguko "unathibitisha na kuzidi" mauzo ya bilioni 1.8 aliyoyasema mteja. Nikapita mstari kwa mstari. Milioni 420 zilikuwa zake mwenyewe, anazitoa akaunti hii na kuziweka ile. Milioni 150 ziliingia siku moja, namba nzima isiyo na mkia, na mwezi uliofuata ikaanza kutoka milioni 5.4 kila tarehe 28: huo ni mkopo wa benki nyingine ambao hakuutaja. Milioni 30 zilikuwa hundi zilizoingia na kurudi. Toa zote, inabaki bilioni 1.56.

Bado hujamaliza. Fedha anayolipa mteja dukani ina VAT ndani yake, na hiyo si mali ya mwenye duka. Kwa VAT ya 18%, gawanya kwa 1.18, mauzo halisi yanashuka hadi kama bilioni 1.32. Wachambuzi wengi wapya husahau hatua hii, nami niliisahau kwa karibu mwaka mzima.

Utaambiwa kwamba mauzo mengine ni ya taslimu na hayapiti benki. Inawezekana, na mara nyingi ni kweli. Dai hilo lina mahali pa kupimwa: ritani za VAT alizowasilisha TRA, ripoti za mashine ya EFD (ya risiti za kodi), na ankara za manunuzi. Mtu hawezi kuuza saruji ambayo hakuinunua. Kama manunuzi yanaonyesha mzigo mkubwa kuliko mauzo ya benki, mpe sehemu ya tofauti hiyo. Kama hayaonyeshi, taslimu hiyo iko mdomoni tu. Mkopaji wangu manunuzi yake yalilingana na bilioni 1.32 karibu kabisa.

Nenda dukani, na uende mara mbili

Mara ya kwanza nenda na afisa mahusiano, kwa miadi. Mara ya pili pita mwenyewe saa ambazo hukutarajiwa. Siendi kumvizia mtu. Duka lililojiandaa na duka lililo kazini ni vitu viwili, basi.

Swali ninalolipenda huanza mbali. "Shikamoo mzee. Mzigo huu wa nondo umeingia lini?" Akijibu "wiki iliyopita" huku vumbi juu yake ni la miezi, nimeshajua siku za bidhaa kukaa ghalani bila kufungua mizania. Kwa kiwanda, omba kumbukumbu za umeme: mashine hazisagi unga bila LUKU, na uniti zikishuka nusu uzalishaji umeshuka vilevile, hata ripoti ya mauzo iseme vingine. Na msalimie mlinzi getini kwa adabu. Mlinzi anajua malori mangapi huingia kwa wiki.

Kwa huyu wa Kariakoo niligundua mambo mawili. Alisema anapata faida ghafi ya 22%, lakini nilipochukua bidhaa kumi zinazotoka sana, nikalinganisha bei ya kununulia kwenye ankara na bei ya kuuzia pale kaunta, wastani ulikuwa 17%. Pili, wateja wake wakubwa ni mafundi na wakandarasi wadogo wanaochukua kwa daftari na kulipa baada ya siku kama 40. Bidhaa zinakaa siku 75, yeye mwenyewe msambazaji anampa siku 30. Jumlisha 75 na 40, toa 30: fedha yake inafungwa siku 85 kabla ya kurudi mkononi.

Hesabu ya uwezo wa kulipa

Milioni 300, miezi 36, riba ya 18% kwa mwaka juu ya salio linalopungua, inatoa rejesho la kama milioni 10.85 kwa mwezi, yaani milioni 130 kwa mwaka.

Kwa hesabu zake: bilioni 1.8 kwa faida ghafi ya 22% ni milioni 396. Toa pango, mishahara, usafiri, umeme na matumizi ya nyumbani milioni 96, toa kodi milioni 40, inabaki milioni 260. Gawa kwa 130, unapata 2.0. Kamati yoyote ingepitisha.

Kwa hesabu niliyoisafisha: bilioni 1.32 kwa 17% ni kama milioni 225. Toa matumizi yale yale milioni 96, tenga kodi milioni 13, inabaki milioni 116. Upande wa madeni sasa ni marejesho mawili, milioni 130 za mkopo mpya na milioni 65 za ule uliofichwa, jumla milioni 195. Unapata 0.6.

Kipimo hiki, fedha iliyobaki kugawa kwa marejesho ya mwaka, kwenye mafomu utakikuta kimeandikwa DSCR, na benki nyingi hutaka kisipungue 1.2 au 1.25. Nenda mbele hatua moja ambayo wengi hawaendi: geuza hesabu, ujue anabeba kiasi gani. Milioni 116 ukigawa kwa 1.25 ni milioni 93, toa 65 za deni la zamani, zinabaki milioni 28 kwa mwaka. Hizo zinalipia mkopo wa kama milioni 64. Maoni yanayosema "hapana" na kuishia hapo yanamfanya afisa mahusiano akuone mchawi. Maoni yanayosema "milioni 300 hapana, milioni 64 ndiyo" yanampa cha kurudi nacho kwa mteja.

Na hata hivyo, mkopo wa muda haukuwa dawa yake. Shida yake ilikuwa zile siku 85. Alihitaji fedha ya kununulia mzigo ambayo inarudi mzigo ukiuzwa, na kuacha kuwakopesha mafundi bila ukomo. Ukimpa miaka mitatu mtu mwenye tatizo la miezi mitatu, fedha ikirudi mara ya kwanza atainunulia kiwanja, kisha mwaka wa pili utamkuta na kiwanja lakini hana nondo wala rejesho.

Kabla ya kufunga hesabu, vuta ripoti ya taarifa za mikopo. Tanzania tuna kampuni za Creditinfo na Dun & Bradstreet zinazotoa ripoti hizo, na benki zinatakiwa kupeleka taarifa kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Vuta ya kampuni, ya wakurugenzi, na kwa biashara ya familia ya mwenza pia, kwa idhini zao. Kwa kampuni, pekua BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uone kama mali zake zimeshawekewa rehani kwingine.

Dhamana ni mlango wa nyuma

Dhamana hailipi mkopo. Inapunguza hasara baada ya mkopo kushindwa kulipwa, na huipunguza polepole sana.

Chukua nyumba iliyothaminiwa milioni 240 dhidi ya mkopo wa milioni 200. Kwenye karatasi mkopo umefunikwa wote na chenji inabaki. Kwenye mnada, ukibahatika, utaiuza kwa 70%: milioni 168. Toa 10% za dalali, wakili na matangazo, zinabaki milioni 151. Sasa hesabu muda: notisi, zuio la mahakama, mnunuzi aliyelipa kidogo akatokomea. Chukulia miaka mitatu. Milioni 151 za miaka mitatu ijayo, ukizirudisha kwa 18%, leo zina thamani ya milioni 92. Kati ya 200 umepoteza 108. Hiyo ni hasara ya 54% kwenye mkopo uliosemwa umefunikwa kwa 120%.

Na yote hayo ni kama nyaraka ziko sawa. Nyumba ya ndoa Tanzania haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hilo liko kwenye Sheria ya Ardhi. Nimeona rehani ikiyumba mahakamani kwa sababu mwanamke aliyesaini kama mke hakuwa mke. Usikubali picha na kiapo tu. Nenda serikali ya mtaa, kaa na mjumbe, uliza nani anaishi pale. Ukikuta wake wawili, saini ni mbili. Bidhaa dukani nazo zidai bima, na jina la benki liandikwe kama mnufaika. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, mbali na roho zilizopotea, kulikuwa na maduka ambayo mtaji wake wote ulikuwa chini ya kifusi.

Kuandika maoni

Kurasa tatu zinatosha. Ukurasa wa kwanza ujibu: anaomba nini, fedha inaenda wapi, ya kulipa itatoka wapi na lini, kitu gani kikitokea hatalipa, na unapendekeza nini. Historia ya kampuni tangu babu alipotoka Moshi ikae nyuma kabisa. Masharti yaandikwe kwa namna inayopimika. "Mteja aongeze mzunguko" halina maana. "Angalau milioni 80 kwa mwezi zipite akaunti hii, na zikipungua miezi miwili mfululizo ovadrafti inasimamishwa" ni sharti (ovadrafti ni ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, hadi kikomo fulani).

Kofia ya pili: mikopo yote kwa pamoja

Benki Kuu ya Tanzania hugawa mikopo madaraja matano kwa kadiri inavyochelewa: mizima, ya kuangaliwa, isiyoridhisha, ya mashaka, na hasara. Kenya ni matano pia, na mwongozo wao wa mwaka 2013 unahesabu siku 30, 90, 180 na 360. Kwa kawaida mkopo unaitwa chechefu ukipita siku 90. Benki Kuu yetu hutaka mikopo chechefu isizidi 5% ya mikopo yote, na sekta kwa jumla imefika chini ya hapo. Kenya ilivuka 16% mwaka 2024.

Asilimia hiyo inapendwa na wakurugenzi, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mikopo ni bilioni 100, chechefu bilioni 6: asilimia sita. Mwaka unaofuata mikopo ni bilioni 140, chechefu bilioni 7: asilimia tano. Watu wanapongezana. Kumbe ugonjwa umeongezeka kwa bilioni nzima, ila umechanganywa na mikopo ya jana ambayo haijapata hata nafasi ya kuchelewa. Kwa hiyo fanya mambo mawili kila mwezi.

La kwanza, panga mikopo kwa mwezi iliotolewa, uangalie kila kundi limefikaje likiwa na umri wa miezi 6, 12 na 18. Kama mikopo ya robo ya mwisho ya mwaka jana imechelewa mara mbili ya ile ya mwaka juzi ilipokuwa na umri uleule, kuna mtu alilegeza kamba Desemba akikimbiza malengo.

La pili, fuatilia fedha inavyohama kutoka kundi moja la ucheleweshaji kwenda jingine. Tuseme bilioni 4 ziko kwenye siku 1 hadi 30. Kwa kawaida 20% huteleza kwenda 31–60, nusu ya hizo kwenda 61–90, na 70% ya zitakazofika hapo kuvuka 90. Zidisha: 7%, yaani milioni 280 zitakuwa chechefu ndani ya miezi mitatu. Ile hatua ya kwanza ikipanda tu kutoka 20% hadi 30%, unaelekea milioni 420, wakati asilimia ya mikopo chechefu kwenye ripoti ya mwezi huu haijasogea hata nukta.

Chunguza pia mikopo iliyopangwa upya. Mkopo uliochelewa siku 85 ukaongezewa muda siku ya 86 hauko kwenye orodha ya chechefu, na mara nyingine ni haki kabisa, mkandarasi anasubiri malipo ya serikali ambayo yapo. Ukipangwa upya mara ya tatu, uite kwa jina lake: chechefu. Hali kadhalika ovadrafti iliyoganda: akaunti ambayo mwaka mzima haijawahi kupanda juu ya hasi milioni 90 kwenye kikomo cha milioni 100. Hiyo si ovadrafti tena. Ni mkopo wa muda usio na tarehe ya kuisha.

Kutenga fedha za hasara

Tangu Januari 2018 tunatumia IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, ambacho kinataka utenge kabla hasara haijatokea, na kinapanga mikopo kwa hatua tatu za hatari. Kanuni ni kuzidisha vitu vitatu: uwezekano wa kushindwa kulipa, sehemu itakayopotea akishindwa, na kiasi kinachodaiwa. Kwa ule mkopo wa milioni 200 wenye hasara ya 54%, ukiwa hatua ya kwanza na uwezekano wa 4% kwa miezi 12, unatenga milioni 4.3. Dalili za hatari zikiongezeka sana, na kwa kawaida ucheleweshaji wa zaidi ya siku 30 ni mojawapo, unaingia hatua ya pili na kuhesabiwa kwa muda wote uliobaki. Uwezekano ukiwa 18%, unatenga milioni 19.4. Ukifika siku 90 uko hatua ya tatu.

Tazama hiyo tofauti ya milioni 15 kwa mkopo mmoja, ndipo utaelewa kwa nini mwisho wa robo mwaka simu za matawi huwa nyingi. Ombi huwa la upole: "Dada, huyu mteja kaahidi Ijumaa, mwache hatua ya kwanza." Ijumaa ikifika na fedha, mfumo utamrudisha wenyewe kwa utaratibu uliopo.

Mikopo iliyolala kitanda kimoja

Sheria huweka kikomo kwa mkopaji mmoja, hadi 25% ya mtaji wa msingi wa benki. Hicho ni rahisi kukisimamia. Kigumu ni wakopaji hamsini wasiojuana ambao fedha yao inatoka mfuko mmoja.

Mtwara walijifunza mwaka 2018. Jedwali la sekta la tawi lolote la kule lingekuonyesha mtawanyiko mzuri: usafirishaji kiasi, biashara ya jumla kiasi, nyumba za wageni, mikopo ya ujenzi, kilimo kidogo. Msimu ule bei za korosho minadani zikawa chini, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Wanunuzi binafsi wakakaa pembeni, na malipo kwa wakulima yakachukua miezi. Mwenye lori hakuwa na mzigo wa wanunuzi aliowazoea. Mwenye gesti hakuwa na wageni wa mnada. Duka la bati lilikuwa wazi, lakini mkulima ambaye kila Desemba hubadilisha paa alikuwa bado anasubiri fedha. Sekta tano kwenye jedwali, zao moja ardhini.

Kwa hiyo ongeza safu yako mwenyewe kwenye jedwali, ambayo mfumo hauna: fedha ya mteja huyu chanzo chake ni nini? Korosho, pamba, utalii, zabuni za serikali, mzigo wa Kongo na Zambia unaopita bandarini. Kuijaza kwa mikono kwa wateja wakubwa 200 huchukua kama wiki mbili. Kisha jiulize: chanzo hiki kikikauka miezi sita, marejesho mangapi yanasimama? Hilo ndilo jaribio la msukosuko, hata kama hukulifanya kwa programu ya gharama.

Ratiba ya mwezi

Siku tatu za kwanza, chota data na uhakiki kwamba jumla yako inalingana na leja kuu, isipolingana usiendelee. Siku ya nne na ya tano, makundi ya ucheleweshaji, uhamaji na mikopo kwa umri. Wiki ya pili, orodha ya wateja 20 wa kuangaliwa, kila mmoja na mistari mitatu, hatua ya kuchukuliwa na jina la afisa mwenye jukumu. Weka humo hata wanaolipa vizuri kama mzunguko umeshuka kwa theluthi, hundi imerudi, mweka saini amebadilishwa ghafla, au mzee aliyekuwa akipokea simu mlio wa kwanza sasa hapokei. Wiki ya tatu, toka ofisini utembelee angalau wanne. Wiki ya nne, maombi mapya yaliyorundikana.

Na kamati ikipitisha mkopo ulioupinga, kama itakavyotokea, usinune. Hakikisha maoni yako yamo kwenye faili na tarehe yake, kisha mwingize mteja huyo kwenye orodha yako ya kuangaliwa kuanzia mwezi wa kwanza. Yule wa Kariakoo alipewa milioni 60 za kununulia mzigo, za kurudisha kila siku 90. Mzunguko wa kwanza alichelewa siku 11. Wa pili alilipa siku mbili kabla.